Muulize Mwalimu: "For" iliyopooza chai Kondele

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni katibu wa chama cha akina mama tunaouza omena. Mwezi uliopita tulikubaliana tumwandikie msimamizi wa soko barua, tuketi naye tuzungumze kuhusu vibanda vyetu vinavyovuja. Nikaandika hivi: "We are requesting for a meeting to discuss about the stalls." Mama mwenyekiti, ambaye zamani alikuwa karani, akachukua kalamu nyekundu akafuta "for" na "about" mbele ya kikao kizima. Nikaona aibu. Binti ya mweka hazina, anayesoma chuo kikuu, akanitetea. Alitoa simu akatuonyesha tangazo la zabuni lenye kichwa "Request for Quotations", akauliza: ikiwa serikali yenyewe inaandika "request for", sisi ni nani? Kikao kikagawanyika, chai ikapoa, na barua haijaenda hadi leo. Mwenyekiti anasema makosa haya yanaletwa na Kiswahili chetu. Nani yuko sawa?
Katibu, Kondele

JIBU: Mama Katibu, barua iende, na iende bila "for" na bila "about". Mama mwenyekiti ameshinda. Ila hilo la kukisingizia Kiswahili silikubali, na kabla sijamaliza utaona kwamba Kiswahili ndicho kingewaamua pale pale, chai ikiwa bado moto.

Nianze na binti ya mweka hazina, maana hakukosea alichokiona. Maneno "Request for Quotations" yamo hata ndani ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Ni mojawapo ya njia ambazo ofisi za serikali hununulia vitu. Lakini hebu liseme tangazo hilo kwa Kiswahili. Utasema "ombi la bei". Si "tunaomba bei", ni "ombi la bei". "Request" ya kwenye tangazo ni nomino, ni jina la kitu. Ile ya kwenye barua yako ni kitenzi. Nyinyi akina mama ndio mnaotenda, mnaomba.

Sasa sema yote mawili kwa sauti, polepole: "ombi la mkutano". "Tunaomba mkutano". Umesikia "la" imekwenda wapi? Nomino haiwezi kuufikia mkutano bila kushikwa mkono, inahitaji "la". Kitenzi kinaufikia chenyewe. Hakuna mtu Kondele, wala Nyalenda, wala popote, atakayesema "tunaomba la mkutano". Angesema hivyo, mngedhani ameanza kulewa mchana.

Kiingereza kinafanya vivyo hivyo hasa. "A request for a meeting", nomino, imeshikwa mkono na "for". "We request a meeting", kitenzi, kinatembea peke yake. Njoo kwa "discuss". Kwa Kiswahili ni "mjadala wa vibanda", lakini "tunajadili vibanda". Kwa Kiingereza, "a discussion about the stalls", lakini "we discuss the stalls". Ukishalisikia hilo sikio halisahau. "Msisitizo wa usafi", "tunasisitiza usafi": "an emphasis on cleanliness", "we emphasize cleanliness", bila "on". "Ukosefu wa maji", "tunakosa maji": "a lack of water", "we lack water". Hata "demand" imo. Kuna "a demand for omena" siku za mwisho wa mwezi, lakini wateja wenyewe "demand omena". Na ukiingia hotelini ukaagiza chai, "you order tea". Hiyo "order for tea" ninayoisikia kila Jumapili baada ya ibada iacheni, isipokuwa mnazungumza juu ya karatasi ya oda yenyewe.

Kwa hiyo Kiswahili kinatoka vipi kuwa mshitakiwa? Mimi namwona mshitakiwa mwingine, tena ni Kiingereza chenyewe. Sote tulijifunza "ask for" kabla ya "request", na "talk about" kabla ya "discuss". Hizo mbili lazima ziwe na vihusishi vyake, yaani vile vineno vidogo "for" na "about". Ukiondoa "for" kwenye "ask for" maana inageuka. "Ask the chairlady" ni kumuuliza mwenyekiti. "Ask for the chairlady" ni kumwulizia, au kuomba aitwe. Halafu siku inafika mtu anaandika barua ya ofisi, anaona "ask" ni neno la watoto, anavaa suti, anaandika "request". Amevaa suti lakini patipati zimebaki miguuni. "For" ilikuwa ya "ask", ikaja na mwenyewe.

Tena si sisi peke yetu. Nimesoma barua za Wanigeria na za Wahindi zenye "discuss about" na "request for" vilevile, na hao hawajalelewa na Kiswahili.

Nikwambie na langu, usije ukafikiri nakuhukumu kutoka juu ya mti. Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mchanga katika shule moja upande wa Bungoma, mume wangu yuko huku Nakuru na kazi ya reli, na kati yetu kuna safari ya siku nzima. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Nilichapa kwa taipureta ya shule, karatasi tatu zikiwa na kaboni mbili katikati, kwa sababu nakala zilihitajika. Sentensi ya kwanza ilisema: "I am requesting for a transfer to Nakuru." Nikampelekea mwalimu mkuu atie sahihi. Mzee yule alikuwa na miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Akaisoma, hakusema neno, akaweka kidole gumba juu ya "for", akanigeuzia karatasi.

"Soma."

Nikasoma: "I am requesting a transfer to Nakuru."

"Imepungukiwa nini?"

Nikasema haijapungukiwa kitu.

"Sasa hiyo niliyoifunika ilikuwa inakula nini hapo?"

Dawa nyeupe ya kufutia ilikuwa imekauka kwenye chupa, kwa hiyo nikachapa upya, karatasi tatu na kaboni mbili. Uhamisho ulikuja mwaka uliofuata, na siwezi kudai kwamba ni kwa sababu ya kuondoa neno moja. Lakini kidole gumba cha mzee yule nimekitumia darasani miaka yote iliyofuata. Nakipendekeza kwako. Funika kihusishi, soma. Kama sentensi imesimama, kilikuwa hakina kazi.

Nakuonya mapema, kidole hicho hakifai kwa kila kitenzi. Ukifunika "for" kwenye "wait for me" utabaki na "wait me", na hiyo imevunjika mguu. Kitumie kwa haya ya ofisini: request, discuss, emphasize, demand, order, lack, contact. Hilo la mwisho watu huliandika "contact with us on this number". Ondoa "with".

Kuna moja nimesalimu amri. Zamani nilikuwa nakata "advocate for" kila nilipoiona, kwa kuwa kitenzi "advocate" kilikuwa kinajitosheleza. Siku hizi mashirika yote yanaandika "advocate for", Wamarekani wanaandika hivyo bila haya, na kamusi zimeikubali. Kwa hiyo binti wa mweka hazina akisema lugha hubadilika, hajasema uongo. Labda wajukuu zangu watakuja kuona "request for" ikikubaliwa kama kitenzi. Lakini barua yenu inaenda wiki hii, kwa mtu ambaye pengine naye ana kalamu nyekundu, na mnataka afikirie mabati, asifikirie sarufi.

Katika mazungumzo simsahihishi mtu. Mama akiniambia sokoni "let us discuss about the price" nitajadili bei, tena nitaishusha. Kwenye karatasi ndipo ninapokuwa mkali, maana karatasi hubaki kwenye faili.

Sentensi yako, basi: "We request a meeting to discuss the stalls." Ulikuwa na maneno 11, sasa ni 8. Ukitaka iwe na heshima zaidi, sema "We would like to request a meeting". Na mkitaka kumwomba atende jambo, kuna mtindo mzuri ambao mama mwenyekiti ataufurahia kwa sababu ni wa makarani wa zamani: "We request that the roofs be repaired before the long rains." Angalia "be", si "are". Mwonyeshe. Anaweza hata kukurudishia kalamu.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kijana wa saiba karibu na steji hapa Nakuru, nachapa barua, CV na taarifa za watu. Mteja aliniletea taarifa yenye maneno "the heavy rains resulted to the road being cut off". Nikaandika "resulted in". Akakataa kulipa, akasema nimemharibia kazi yake. Shilingi hamsini ni hasara ndogo, lakini jina la kazi ni kubwa. Tena kila siku naletewa "I look forward to hear from you". Nibadilishe au ninyamaze?
Kijana wa saiba, Nakuru

JIBU: Mwanangu, ulikuwa sahihi, na mteja huyo ana deni lako.

"Result" ni kitenzi chenye milango miwili, na hakuna hata mmoja unaoitwa "to". Nitakueleza kwa mto Nzoia kwa sababu nimeishi karibu nao na naujua tabia. Mvua inanyesha juu milimani, Cherangani na Elgon, maji yanashuka, yanapita Webuye, yanafika Budalang'i kabla ya kuingia ziwani, na huko ndiko yanakovunja kingo. Simama sasa katikati, kwenye mafuriko yenyewe. Ukitazama chini mto unakoelekea, yaani yaliyozaliwa na mafuriko, unatumia "in": "The floods resulted in the loss of crops." Ukigeuka ukatazama juu yalikotoka, unatumia "from": "The floods resulted from heavy rain in the highlands." Mto ni ule ule, wewe ndiye umegeuza uso. Ukizikoroga mbili hizi, yaani "from" mahali pa "in", mazao yatakuwa ndiyo yaliyoleta mafuriko, na hapo hata kampuni ya bima itakucheka.

Hapa kwetu Nakuru mfano uko mlangoni. Ziwa limepanda miaka hii, limemeza lango kuu la zamani la mbuga, na familia za Mwariki zimehama. "The rising of the lake has resulted in families leaving Mwariki." Ukiandika "resulted to families leaving" kila mtu mjini atakuelewa. Nalijua hilo, magazeti nayo huteleza. Lakini umeniuliza lililo sawa.

Hiyo "to" imetoka wapi? Ina wazazi wawili, naona. Mmoja ni "lead to", ambayo ni halali kabisa na ina maana karibu sawa: "The rains led to the road being cut off." Mteja wako angeandika hivyo, msingegombana. Wa pili ni "resort to", kukimbilia jambo baada ya mengine kushindikana. "The residents resorted to boats." Watu wa Budalang'i barabara ikizama hukimbilia mitumbwi, hapo "to" iko kwao, usiiguse. Neno "result" na neno "resort" yakipita haraka redioni, sikio lisilo makini huyaoza mara moja.

Na kwa kuwa tumeanza kutafuta wakosaji, Kiswahili chetu nacho kina ugonjwa wa namna hiyo hiyo. Mtu anasema "mvua imepelekea barabara kukatika". Kupelekea ni kumpelekea mtu kitu, kwa mfano kumpelekea shangazi unga. Mvua haikumpelekea mtu chochote. Imesababisha. Naliandika kila mwaka, kila mwaka nashindwa, na sasa wasomaji wamenizoea.

Swali lako la pili lina ujanja zaidi. Katika "look forward to", hiyo "to" si ile inayotangulia kitenzi kama kwenye "I want to hear". Ni kihusishi, na kihusishi kinataka nomino nyuma yake. Jaribu: "I look forward to your reply." Imekaa vizuri, sivyo? "I look forward to Christmas." Imekaa. Basi kitenzi kikitaka kuketi kwenye kiti hicho lazima kwanza kivae nguo za nomino, nazo ni "-ing": "I look forward to hearing from you." Mteja anateleza hapa kwa sababu "kusikia" yetu haibadilishi nguo. Tunasema "nataka kusikia" na tunasema "kusikia si kuona". Mara ya kwanza ni kitenzi, mara ya pili ni jina, na "ku-" imebaki vilevile. Hapa ndipo mama mwenyekiti wa Kondele angepata haki yake ya kukishitaki Kiswahili, kama angekuwa na subira.

Kama ubadilishe au unyamaze: bandika karatasi ukutani, "Kusahihisha Kiingereza, uliza kwanza." Mteja akikubali, sahihisha na ulipwe zaidi. Akikataa, chapa "resulted to" yake herufi kwa herufi, uchukue hamsini yako. Wewe ni mpiga chapa, hujaajiriwa kuwaokoa.

SWALI: Mwalimu, mchumba wangu hunitumia ujumbe kama huu: "Why don't you reply my texts?" Mimi nilimwambia ni "reply to my texts". Amenuna siku tatu, anasema namdharau kwa sababu yeye ni fundi wa pikipiki na mimi nimefika kidato cha nne. Nani ana makosa?
Dada wa Kakamega

JIBU: Kwa sarufi, yeye. Kwa mengine, tutaona.

Hapa, dada yangu, mshitakiwa kweli ni Kiswahili, na anakiri mwenyewe. "Jibu" hubeba kila kitu: jibu swali, jibu barua, jibu simu. Mchumba wako amechukua "jibu ujumbe wangu", akabadilisha neno moja moja, akapata "reply my text". Kiingereza kina vitenzi viwili hapo. "Answer" kinafanya kama "jibu" yetu, hakitaki kihusishi: "answer my text". "Reply" hakiwezi kufika bila "to". Ndivyo ilivyo pia kwa "jaza fomu", ambayo imetuzalia "fill the form" katika kila ofisi nchini, wakati Mwingereza anasema "fill in the form". Ukijaza ndoo, "fill the bucket" inatosha. Fomu inataka "in".

Mwambie njia rahisi ni kuandika "answer". Hana haja ya kukumbuka kihusishi chochote, na hatakuwa amekubali kwamba ulikuwa na haki.

Halafu nikuulize: ule ujumbe wake wa siku tatu zilizopita, zaidi ya kuusahihisha, uliujibu?